Mstari wa Pembeni

"Mustari ya pembeni hatupimi," moniteri wa kilimo, msimamizi wa shamba la majaribio ya mbegu, alimwambia Faida, akimpa kisu. "Ukate kwanza, utupe kwa moto. Inadanganya. Upande moja haina jirani."

Faida aliinama kuukata, akautambua.

Ulikuwa mpunga wa kijiji cha kwao, Wamaza. Miaka sita iliyopita serikali iliwahamisha, wakaja kukaa kando ya barabara ya Kasongo na kupanda mbegu ya serikali. Tangu siku ile hakuwa ameuona.

Mistari ya ndani ilikuwa imedhoofika, imefunikwa na mpunga mrefu wa kipande jirani cha mbegu nyingine. Lakini huu wa pembeni, uliopakana na njia tupu, ulikuwa umeinamisha masuke mazito mpaka magotini. Mama yake aliupanda hivyo, mbalimbali, kila shina na jua lake.

"Haidanganyi," Faida akasema. "Kwetu iko hivi."

"Kwa karatasi hii mbegu iko ya mwisho, mama. Mwaka kesho hatuipandi tena."

Moniteri alipogeuka kuandika, Faida alipukusa suke moja kiganjani.

Jioni wafanyakazi walipanga foleni mlangoni, moniteri akawakagua vitambaa, mbegu isitoke. Cha Faida kilikuwa kitupu.

"Mama, kesho tunavuna ile ingine. Utakuja?"

Punje zilikuwa zimejaa chini ya ulimi wake, maganda yakimchoma. Faida alitikisa kichwa kukataa, akageukia njia ya kurudi Wamaza.