Mlango wa Taka

Mama yake Injinia Sikudhani alifua mashuka ya hoteli ile kwa miaka ishirini na miwili. Siku alipoanguka na kufa kazini, mwenye hoteli, Bwana Mkumbwa, aliamuru atolewe kupitia mlango wa taka, wageni wasimwone.

Leo hoteli ilikuwa inavunjwa, na msimamizi wa kazi alikuwa Sikudhani. Mzee Mkumbwa alikuja akijikongoja.

"Mwanangu, niruhusu nikachukue picha ya marehemu mke wangu."

"Pitia mlango wa taka," alisema Sikudhani.

Mzee aliinama, akaingia.

Dereva wa tingatinga akauliza, "Injinia, mzee bado yumo ndani. Nizime mashine?"

Sikudhani aliinua macho kulitazama jengo. Kwenye dirisha la ghorofa ya tatu, pazia lilitikisika.