Mzazi Ndiye Anayejibu

"Wewe unayejibu kwa jina la Mama Nzilani," mwalimu wa hesabu alisema kutoka ndani ya simu, katikati ya somo la mtandaoni, "mwache mtoto afikirie mwenyewe. Hiyo njia si ya mtoto wa gredi ya nane."

Damu ilimchemka Nzilani. Simu ilikuwa ya mama yake, ndiyo, na jina pia. Lakini jibu alikuwa amelitafuta mwenyewe, kwa kipande cha makaa, kwenye ukuta wa tangi la maji, mahali pekee pale kwao Kathiani ambapo mtandao ulishika. Vidole vyake bado vilikuwa vyeusi.

"Ni mimi, mwalimu! Haki ya Mungu!"

"Kila Jumamosi wazazi wananidanganya hivyo hivyo."

Watoto wakacheka, kila mmoja kwenye kidirisha chake cha video.

Mama, aliyekuwa kando akipepeta ndengu, aliweka chini uteo wake. Huyu ndiye mama ambaye kanisani hufungua kitabu cha nyimbo na kuchezesha midomo, ili jirani asijue kwamba hajui kusoma. Akampokonya Nzilani simu.

"Kamera inafunguliwa wapi?"

Nzilani akabonyeza, akaacha alama nyeusi kwenye kioo.

"Mwalimu, huyo mzazi unayesema anajibu ni mimi," mama alisema kwa hasira. "Niliachia shule darasa la pili. Hata jina langu sijui kuandika. Haya, hiyo hesabu yako niulize mimi, hawa watoto wote wakisikia."

"Mama, samahani, nilidhani..."

"Niulize!"