Wembe wa Madamu Zuhura

Madamu Zuhura alikaa dawati la nyuma, akimtazama Lusekelo, mwalimu mpya wa fizikia ambaye yeye Zuhura alikabidhiwa amlee mwaka mzima. Wanafunzi walikuwa wamemzunguka kijana huyo kama nyuki. Kwenye vipindi vya Zuhura mwenyewe, hao hao hupiga miayo. Roho ilimuuma.

Lusekelo akaunganisha waya kwenye betri. Balbu haikuwaka. Akabadilisha betri, wapi! Jasho likamtoka.

Zuhura alikwisha kuliona kosa. Waya ule wa shaba umepakwa vanishi, na usipokwangua ncha zake umeme haupiti. Wembe alikuwa nao mfukoni. Alikuja nao makusudi, maana walimu wapya wote hukosea hapo hapo.

"Acha aumbuke kidogo," akajisemea.

"Jamani, nimekwama," Lusekelo akacheka. "Lakini mwalimu wangu yule pale. Madamu, tuokoe!"

Darasa zima likageuka, likamkodolea macho kwa hamu ambayo hakuwahi kuiona. Zuhura akainuka.

"Hebu niuone huo waya," akasema, kana kwamba hajui kitu, huku vidole vikihangaika mfukoni kuutoa wembe kwenye karatasi yake.