Bi Mkubwa Hajashuka

"Huyo usimguse," shangazi alinikataza. "Kuku anayeatamia hasumbuliwi."

Na neno la shangazi halina rufaa. Nilipowapaka kuku wote majivu kwa ajili ya utitiri, Bi Mkubwa nikamruka. Leo ni siku ya ishirini na moja yuko juu ya mayai, na mahindi niliyomwekea jana yapo vile vile.

"Shangazi, mbona huyu hali?"

"Mvumilivu hula mbivu," akacheka, huku akisugua fito za banda kwa mafuta ya taa.

Sikumsikiliza. Nikapitisha mikono chini ya mbawa, nikamwinua. Alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Shingo ikalala upande. Kishungi chake, kilichokuwa chekundu kama pilipili, kilikuwa kimepauka kama karatasi.

Kisha nikaona vumbi la kijivu likinipanda kutoka viganjani hadi kwenye viwiko. Lilikuwa na miguu.

"Shangazi!"

Akaja na tambara lake mkononi. Akamtazama kuku, akatazama mikono yangu.

"Wamemnyonya damu yote," akasema polepole. "Yote, na hakushuka."

Ndani ya kiota, yai moja likalia.