Maji Hayapewi Mgongo

"Mama Imani, rudi!"

Donati alipaza sauti mpaka koo likamkwaruza. Yusta, mkewe, wala hakuinua kichwa. Alikuwa ameinama kule mbele kwenye mwani, kanga ameikunja hadi magotini, anachambua majani ya bahari kama mtu anayechagua mchicha sokoni.

Hayo majani ndiyo yaliyowatoa Kilosa. Yusta alifundisha sayansi shule ya msingi pale Magomeni ya Kilosa, na wanafunzi wake hawakuwahi kuuona mwani ila kwenye picha. Mwenyeji wao, Bi Mwanahawa, mkulima wa mwani, aliwaambia wangoje maji yakupwe. Yakakupwa kweli. Bahari ilirudi nyuma hadi ukadhani imehama.

Lakini Donati na maji, wapi na wapi! Utotoni alimwona dada yake Grace akigeuka kuokota kuni kando ya Mkondoa. Mto ukashuka kwa kishindo, na Grace hakuonekana tena. Tangu siku hiyo baba yao aliwaimbia waliobaki wimbo mmoja: panda juu, yatazame, maji hayapewi mgongo. Ndiyo hivyo, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kwa hiyo asubuhi ile, walipovuka bonde la matope na kufika kwenye fungu la mchanga lililoinuka, Donati aligoma kuendelea. Alivua ndala zake zilizojaa tope, akaziacha chini ya fungu, upande ule waliotokea, akapanda juu.

"Nendeni tu. Mimi nalinda hapa," alisema. "Kuogelea kwenyewe sijui."

Bi Mwanahawa alicheka. Alikuwa ameuacha mtumbwi wake umelala juu ya tope, kulekule kwenye mwani. Donati akamtania, "Bi Mkubwa, mtumbwi nchi kavu, unasafirisha kaa?"

"Utasafiri tu, baba. Wewe subiri."

Mwanzoni ilikuwa raha. Yusta aliinua mwani wa kijani, mwembamba, unaopitisha mwanga, akapunga mkono. "Baba Imani, njoo uone!" Kisha mwekundu. Kisha wa kahawia, wenye vipovu vinavyopasuka ukivibana. Kila akiitwa, Donati alitikisa kichwa.

Sasa upepo ulikuwa umegeuka, na ule mstari mweupe wa mawimbi uliokuwa mbali ulikuwa umesogea. Maji yalimfika Yusta vifundoni. Punde si punde yakampanda hadi magotini.

"Rudi, nakwambia! Maji hayo!"

Yusta akanyanyuka, akatazama. Donati akamshukuru Mungu. Lakini jamani, badala ya kurudi, mwanamke akaanza kupunga mikono yote miwili, anamwita yeye, vilevile alivyomwita kuona mwani! Alikuwa anapiga kelele, ila upepo uliyapeperusha maneno.

"Huu si wakati wa mchezo!" Donati alifoka, machozi yakimlenga. Alitaka kumfuata, miguu ikakataa. Na akiondoka pale juu, nani atayatazama maji? Alimwaza mwanawe Imani, aliyebaki kwa bibi yake kule Msowero. Angemwambia nini mtoto yule, kwamba bahari nayo imemchukua mtu wao, na baba yupo? Akakaza macho mbele, hata kupepesa hakutaka.

Mara mtumbwi ukainuka. Yusta akajitupa ndani. Bi Mwanahawa akashika mti wake mrefu wa kusukumia, akaukita chini, mtumbwi ukachomoka.

"Amepona!" Donati akapiga magoti mchangani. "Mama Imani wangu amepona!"

Akacheka peke yake kama mwehu. Hofu yote ilimtoka, akajiona mjinga kwa raha zake. Kitu kimoja tu hakukielewa: kwa nini Bi Mwanahawa anasukuma kama mtu anayefukuzwa, na Yusta, aliyekwisha kuokoka, bado analia huku akimnyooshea kidole.

Kitu kikamgusa unyayo. Kwa mara ya kwanza tangu apande pale, Donati akageuka.

Zilikuwa ndala zake, zinaelea. Kutoka hapo hadi kwenye minazi ya ufukweni, bonde lote walilolivuka kwa miguu lilikuwa bahari.