Debe la Wanawake

Machimboni, bei ya debe la kokoto ilikuwa moja kwa wote, ila wanawake walipimiwa kwa debe lao, ambalo kitako chake kiligongwa kikatuna kwa nje. Siku hiyo Zamoyoni alijaza debe la wanaume pomoni, akalimimina ndani ya lile la wanawake. Zilipungua vidole vinne kufika ukingoni.

"Mama, umekuja kupasua mawe au kunikagua?" msimamizi aliuliza.

"Kupasua, bosi. Nipimie kwa la wanaume."

"Hulitaki lako, kwenu unakujua."

Zamoyoni aliwaza unga wa wanawe. Kisha akalifudikiza debe la wanawake, kokoto zikamwagika, akalikalia. Nyuma yake nyundo moja ilinyamaza, halafu nyingine.