Maswali ya Nyongeza

Dokta Uweso alirudisha tasnifu ya Sabiha kwa mara ya tatu, na safari hii wino mwekundu ulikuwa na dai moja tu: haijaelezwa popote kama mshiriki wa tisa anapenda samaki wa kupaka au wa kukaanga.

"Dokta," Sabiha alisema, akijizuia asigune, "utafiti wangu ni upweke wa wajane. Samaki anaingia wapi?"

"Anaingia pote. Chakula ni hisia. Nenda kaulize."

Sabiha akakusanya makaratasi yake akaondoka. Mwisho wa mwezi ndio ulikuwa mwisho wa kukabidhi tasnifu za uzamili. Asiye na saini ya msimamizi angengoja mwaka mzima. Dokta alilijua hilo, na dhamiri ilimchoma. Kidogo tu.

Ukweli ni kwamba Dokta alikuwa ameshapotea. Tangu mkewe afariki alikuwa mtu wa chapati za kibandani na chai ya chupa. Kisha Sabiha akamletea mahojiano ya wajane wa mtaa wa Nguvumali. Wanane wa mwanzo aliwasoma kama wasimamizi wanavyosoma, kalamu mkononi, miayo mdomoni. Alipofika kwa wa tisa akaiweka kalamu chini.

"Kinachoniuma si usiku," mama huyo alikuwa amesema. "Usiku nalala. Kinachoniuma ni sufuria. Wali wa mtu mmoja hauivi ukawa wali. Mtoto niliye naye ana shughuli zake, nami nabaki kugombana na redio."

Dokta alicheka peke yake ofisini mpaka mhudumu akachungulia. Jioni akaenda na karatasi ile nyumbani, akaisoma tena huku chapati ikipoa.

Tatizo lilikuwa jina. Washiriki wote walikuwa namba tupu, maana siri ya mshiriki haivunjwi, na aliyemfundisha Sabiha hivyo, tena kwa ukali, ni yeye Dokta. Angeuliza "mama huyu ni nani?" angekuwa amejivua nguo sokoni. Ikabaki njia moja: maswali ya nyongeza.

Kabla ya samaki, alitaka kujua kama mshiriki wa tisa anapenda utani. Anaupenda. Akataka kujua kama anachukizwa na mwanamume mwenye mvi. "Mvi si kosa," lilirudi jibu, "kosa ni kuzipaka rangi." Siku ile ile Dokta akaitupa chupa yake ya rangi ya nywele.

Je, angekubali kuolewa tena? "Sijakataa. Lakini wanaume wanatafuta mpishi, hawatafuti mwenzi. Aje anayejua kukuna nazi mwenyewe, tutaongea."

Jumamosi hiyo Dokta alionekana sokoni Ngamiani akinunua mbuzi ya kukunia nazi. Jumatatu akaingia ofisini na kidole kimefungwa plasta.

"Pole na kidole, Dokta," Sabiha alisema.

"Ajali ya kazi."

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Dokta aliona wahenga hawakusoma mbinu za utafiti.

Jibu la samaki lilikuja mwezi ukiwa unakatika. "Wa kupaka," Sabiha alisoma. "Na ameniuliza, huyo msimamizi wako ana njaa?"

Masikio ya Dokta yakapata moto. Akainuka, akaenda dirishani, akarudi. Mficha uchi hazai, alijiambia, na yeye umri ulikuwa haumsubiri.

"Sabiha, weka hayo makaratasi. Leo sikutumi kama mtafiti. Nakuomba uwe mshenga wangu."

"Kwa nani, Dokta?"

"Kwa huyo wa tisa. Najua si adabu ya kazi yetu. Lakini mwambie kuna mtu naye anakula peke yake, amechoka, na hajacheka hivi tangu azike mke wake. Jina lake sitaki unitajie. Akikataa, nisimjue kabisa. Nitaona haya hata kupita Nguvumali."

Sabiha alimtazama kama anayepima kitambaa kabla ya kukinunua. Kisha akaaga.

Dokta hakulala vizuri siku zile. Alisahihisha mitihani ya watu kwa huruma isiyo ya kawaida, na kila mlango ulipogongwa alijifunga vifungo vya shati upya.

Ijumaa baada ya sala, Sabiha akaja na tasnifu iliyokwisha kujalidiwa. "Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, marahaba. Enhe?"

Sabiha akaiweka tasnifu mezani. Dokta, kwa kukosa la kufanya na mikono yake, akaanza kuifunua tasnifu. Akafika kwa mjane wa nane, akageuza ukurasa, akakuta hitimisho.

"Mshiriki wa tisa yuko wapi?"

"Hakuwahi kuwemo, Dokta. Tulipanga wajane wanane, na wanane ndio niliowatafiti. Yule nilikuletea wewe."

Dokta akakishika kiti kabla hajakikalia. "Na jibu lake?"

"Amekubali." Sabiha akamsogezea kalamu. "Ila ana binti mmoja tu, na huyo binti hataki baba wa kambo anayemchelewesha kuhitimu."